Mwani Darasani

Mmeniandama tangu baridi ianze eti niandike habari za Mama Yonhwa, kana kwamba mikono hii ilizaliwa kushika kalamu. Herufi zangu ni chache na zinachechemea. Lakini nasikia wengine wanaisimulia kombokombo, na hilo silivumilii. Basi nyamazeni niandike.

Jina lake Gumnyo, mzamiaji wa hapa kisiwani kwetu Jeju, mjane mwenye mdomo mkali na mapafu ya ajabu. Shule ilipoungua, sisi wanawake wazamiaji tulikubaliana, tukiota moto baada ya kutoka majini, kwamba kipande cha bahari kutoka jabali jeusi hadi kinapoingilia kijito kiwe cha shule. Mwani wote wa pale ukauzwe ujenge madarasa, na asionekane mtu amebeba hata jani moja la kutia kwenye supu yake. Gumnyo alikubali kwa sharti moja, kwamba binti yake Yonhwa naye akae darasani. Alikuwa amechoka kusimama mbele ya mizani ya mnunuzi. Mkono wake ulimwambia mzigo ni mzito, mnunuzi akasema ni mwepesi, naye asiweze kusoma ule mshale. Alitaka jicho moja la kwetu kwenye mizani ile.

Tukazamia, tukaanika, tukafunga matita. Chumba kimoja kikasimama. Majira ya machipuko Yonhwa akaanza kwenda, vitabu amevifunga kwa kitambaa kiunoni, na mama yake akajisifu mpaka tukatamani kuziba masikio.

Siku moja upepo ukatufukuza kutoka miamba ya mbali, tukarudi kuzamia bahari ya shule. Mzamiaji akiibuka hutoa pumzi kwa mluzi, na kila mmoja ana wake. Tunajuana kwa mluzi kama mtu anavyojua kikohozi cha mumewe. Gumnyo aliibuka, akashika boya lake la kibuyu, akasikia nyuma ya jabali jeusi mluzi wa mama yake mzazi.

Mama yake tulikwisha kumzika zamani.

Mwingine angekimbilia ufukweni. Yeye aliogelea kuufuata. Akaliona boya la marehemu, lile lenye kiraka, na chini ya kilemba cha marehemu akaona midomo ya bluu ya mtoto aliyefundishwa kupumua na bibi yake. Ni Yonhwa.

Gumnyo hakupiga kelele. Aliuliza kwa sauti ndogo mno, "Leo hakuna shule?"

"Shule ipo, mama. Nafasi ndiyo haipo."

Akamweleza huku meno yanagongana. Wasichana wote watano waliambiwa wakae nyumbani kidogo, na wasiwasumbue mama zao kwa habari hiyo. Alimsikia mkuu wa kijiji akisema nafasi itapatikana mnunuzi akija, na mnunuzi haji mpaka mzigo utimie. Ndiyo maana kila asubuhi alikuwa akiaga, anaficha vitabu penye mawe, anaingia majini, ili mzigo utimie upesi. Vikongwe wanaozamia maji mafupi walidhani ametumwa na mama yake.

Gumnyo hakuelewa mzigo na nafasi vinahusianaje. Alimshika mkono, wakapanda hadi shuleni wakichuruzika maji, nasi nyuma yao.

Mwalimu Mun, kijana wa watu, chaki ilimponyoka. Wavulana walikaa mbele. Nyuma, walipokuwa wakikaa wasichana, palijaa matita ya mwani mkavu kutoka sakafuni hadi darini. Gumnyo akasogea, akagusa la kwanza. Fundo lilikuwa lake, lile la kupinda mara mbili ambalo hakuna mwingine anayelifunga. Akagusa la pili. Lake. Yeye ndiye aliyemtoa mwanawe darasani, tita baada ya tita, na mtoto naye kila alichovuna kilizidi kuuziba mlango wake mwenyewe.

Mkuu wa kijiji, mzee Hyon, aliletwa na kelele za watoto. Wala hakuona aibu. Alisema ghala la kijiji linavuja, mwani ukilowa unaoza, na ukioza hakuna shule ya mtu yeyote.

"Mbona wavulana hawakuambiwa wangoje nyumbani?" Gumnyo akamwuliza.

"Mama Yonhwa, hebu fikiri. Mvulana atakwenda wapi? Msichana ana bahari."

"Bahari ipi? Ile tuliyowapa nyinyi?"

Mzee yule alikuwa amelisema lile neno la msichana na bahari taratibu, kama anayetaja hali ya hewa.

"Nyumba yako inavuja, mzee?" Gumnyo akauliza tena.

"Yangu? Haivuji."

"Vizuri."

Akabeba matita mawili akatoka. Tukamfuata na mengine. Mke wa mzee Hyon ndiye aliyetufungulia mlango, tena akatusogezea matandiko. Tulipanga mwani chumbani mwake, juu ya sakafu yake inayopashwa moto kutoka chini, mpaka ikabaki nafasi ya mto wa kulalia tu. Kesho yake wasichana watano walikaa darasani. Ghala nalo, ajabu, liliezekwa kabla wiki haijaisha.

Msimu uliofuata Yonhwa alisimama mbele ya mizani akasoma namba kwa sauti. Mnunuzi akasoma yake. Hazikulingana. Mtoto akarudia polepole, kijiji kizima kikimtazama mnunuzi, mpaka akaikubali. Kuanzia hapo mwani wetu ulilipwa uzito wake, na kutoka humo tulipata chumba cha pili, kisha miche ya michenza ambayo leo inawasomesha wajukuu mjini.

Lakini Gumnyo hazungumzii michenza. Ukimtajia siku ile bado anatazama vidole vyake. "Fundo langu," husema. "Langu mwenyewe."

Sasa wewe uliyesoma mpaka hapa. Kesho nenda shule ya kwenu. Usiulize mtu, ingia. Tazama nyuma ya darasa kumewekwa nini, mahali pa nani, na kimefungwa na nani. Kisha njoo uniambie kwa mdomo. Usiniandikie, kusoma kunanichosha.