Mrija wa Pombe Katika Pikipiki ya Mwinjilisti

Kama kuna mtu anataka kujua pikipiki ya zamani inanuka namna gani kabla haijafufuliwa, nitamwambia bure: inanuka nguruwe, panya aliyekufa, na mafuta ya ng'ombe yaliyochemka kupita kiasi. Nilivuta harufu hiyo likizo nzima, na mpaka leo nikiwa darasani, upepo ukitoka upande wa jiko la shule, naziba pua kabla sijajua kwa nini.

Baba ni mwinjilisti. Kazi yake ni kuzunguka makanisa madogo kuanzia kwetu, nje kidogo ya Bungoma, mpaka Myanga, kwa baiskeli, akiwaambia watu kila mahali kwamba pombe ni sumu. Mwaka jana goti lake la kulia likavimba kama boga. Akawa anasukuma baiskeli badala ya kuipanda, anafika watu wameshaimba nyimbo zote wanazozijua na wengine wamekwenda zao. Mchungaji akamwita. Akamwambia, kwa ile sauti ya huruma wanayoitumia wakitaka kukuumiza, kwamba goti lisipopona mzunguko wote atapewa kijana mmoja mwenye magoti mapya.

Baba alirudi nyumbani akaenda kulala jua likiwa bado juu, na hilo lilitutisha kuliko kelele zake. Yeye hajui kazi nyingine. Akinyimwa makanisa atabaki hapa nyumbani akituhubiria sisi kutoka asubuhi mpaka jioni, na nilimwona mama akilifikiria jambo hilo huku akipeta mtama.

Ndipo mjomba akaleta habari. Mjomba anaendesha trekta katika shamba la mzungu huko Kitale, upande wa Saboti. Akasema kuna pikipiki ya jeshi, ya wakati wa vita, ambayo mzungu alikuwa anaipanda mpaka yeye mwenyewe akanenepa ikamshinda. Anayeweza kuiondoa aiondoe. Mjomba hakusema iko wapi hasa.

Ilikuwa ndani ya banda la nguruwe.

Nguruwe walikuwa wameishi juu yake, chini yake, na nadhani wengine walizaliwa humo humo. Kiti kilikuwa kimeliwa. Magurudumu yalikuwa yamezama katika kitu ambacho sitakitaja jina kwa sababu mwalimu wetu wa Kiswahili anaweza kusoma hapa. Baba alivua koti lake la kuhubiria, akalitundika kwenye msumari, akaingia. Mimi niliingia nyuma yake kwa sababu alinishika shingo.

Tulipoitoa ikawa kazi kumpata wa kuibeba. Lori lililokuwa linarudi Bungoma na mahindi lilikuwa la jirani yetu wa mjini, Mwislamu anayekaa karibu na msikiti, mtu mwema sana. Alishuka, akaizunguka ile pikipiki mara moja, akarudi nyuma.

"Mwalimu," akamwambia baba, "mimi na wewe ni majirani, sikukatalii. Lakini hiki kitu kimelala na nguruwe. Kioshwe mara saba, mara moja iwe kwa udongo, halafu tutakipandisha."

Baba hubishana na kila mtu juu ya dini, hata na mbuzi. Siku hiyo aliniletea ndoo. Nilipofika mara ya nne mikono ilikuwa imekufa ganzi. Nikamwuliza dereva kama hazitoshi, maana pikipiki yenyewe si Mwislamu.

"Maliza saba," akasema. "Na ukimaliza, jioshe na wewe."

Nyumbani, mbuzi walifukuzwa kwenye kibanda chao na kibanda kikaitwa gereji. Baba alilitamka neno hilo kwa heshima, kama vile mbuzi hawakuwa wameacha kumbukumbu zao sakafuni. Tulifungua kila kilichofunguka. Kisichofunguka tulikipaka mafuta ya taa tukakingojea kama mgonjwa. Katika bomba la moshi nikaingiza fimbo ili nitoe uchafu, na uchafu ukatoka: manyoya, maganda ya mahindi, kisha panya, mama na watoto wake, wamekauka wakashikana kama mboga ya juzi iliyosahauliwa chunguni. Baba akaniambia nisicheze, niendelee. Kucheza! Nilikuwa natapika.

Mnyororo ulikuwa umeshika kutu mpaka ukasimama wima kama fimbo. Mjomba alikuwa amesema dawa yake ni kuuchemsha katika mafuta ya ng'ombe. Baba akachukua sufuria. Hakuuliza ni sufuria gani, akachukua tu iliyokuwa karibu, na ilikuwa ile ya ugali. Kwa muda kijiji chote kilidhani tuna karamu. Mbwa wa majirani walikuja wakakaa mlangoni kwa adabu. Mama alipotoka kisimani akakuta sufuria yake inatoka povu jeusi, hakupiga kelele. Alituletea sahani mbili akazipanga mbele yetu.

"Kuleni," akasema. "Si mmepika?"

Siku hiyo tulikula viazi vya kuchoma, na vyenyewe vilinuka mnyororo.

Lakini pikipiki ilikubali. Polepole, bila shukrani, ikaanza kufanana na pikipiki. Ikabaki kitu kimoja: mpira wa kupitisha petroli kutoka kwenye tangi mpaka kwenye kabureta. Ule wa zamani ulivunjika mkononi kama mkate mkavu. Tukaweka mpira wa baiskeli. Petroli ikauyeyusha ukawa gundi. Tukaweka mwingine, ukawa gundi. Na hata petroli ikipita, kutu ya ndani ya tangi ilishuka nayo ikaziba kila kitu. Baba alikaa juu ya jiwe akalitazama goti lake. Jumapili ya Myanga ilikuwa inakaribia, na Mchungaji alikuwa amesema hiyo ndiyo ya mwisho ya kungoja.

Mimi, kwa kutaka tu kumchekesha, nikasema, "Si tumwombe kuka mrija wake, bana. Ule hauyeyuki, na una chujio."

Kuka ni babu yangu, baba yake baba. Yeye na wazee wenzake hukaa kuizunguka nyungu ya busaa, pombe yetu ya nafaka, kila mmoja na mrija wake mrefu, wananyonya kutoka chungu kimoja. Mrija ni ule mmea ulio wazi ndani, na kwenye ncha unafumwa kichujio kidogo cha nyuzi ili machicha yasipande. Kila mzee ana wake, na hauguswi na mtu mwingine. Wa kuka umekuwa mweusi kwa mate ya miaka mingi. Ukiusogelea unanuka uchachu, tumbaku, na kuka mwenyewe.

Baba hakucheka. Aliitazama kabureta, akatazama upande wa nyumba ya kuka, akaniambia niende nikauombe.

Kuka alinisikiliza mpaka mwisho, mrija mdomoni. Kisha akautoa.

"Nani alikwambia mrija unatumiwa mtoto, kama kiberiti? Anayeutaka aje akae hapa auombe."

"Lakini kuka, yeye ameokoka."

"Aje na wokovu wake. Kigoda kipo."

Wazee wakacheka mpaka nyungu ikatikisika. Ndiyo desturi: kinachohusu nyungu kinaombwa kwenye nyungu, ukiwa umekaa, mbele ya wote. Na baba hajakaa pale tangu abatizwe. Hata matanga yakiwapo, yeye husimama mbali chini ya upenu wa nyumba na Biblia yake.

Alikwenda mchana, jua likiwa kali. Nilimfuata. Alikaa kwenye kile kigoda kifupi, mguu mbovu ameunyoosha mbele, inzi wa busaa wakimtambaa midomoni, akasema, "Mzee, naomba kipande cha mrija wako kwa ajili ya kazi yangu." Nilingoja matusi. Kuka aliuvuta mrija kutoka kwenye nyungu ukiwa bado unadondosha, akatoa kisu, akakata upande wenye kichujio, urefu wa mkono. Akampa. Hakuna aliyecheka. Kipande kilichobaki akakiweka pembeni, na siku hiyo hakunywa tena.

Kosa lilikuwa kwamba mzee mmoja wa kanisa alikuwa anapita nyuma ya migomba. Alichofuata huko nyuma ya migomba ya kuka, mahali pasipo na njia wala duka, hakuna aliyemwuliza. Alimwona mwinjilisti amekaa kwenye nyungu, akakimbia.

Sisi hatukujua. Tuliupitisha mrija katika tundu la chini ya tangi, kichujio kikabaki ndani, tukaziba pembeni kwa sabuni ya kufulia, maana sabuni haiogopi petroli. Kichujio kilibana, kwa hiyo ili petroli ianze kushuka ilibidi mtu anyonye ule upande wa pili, halafu auchomeke haraka kwenye kabureta. Baba akasema mdomo wake ni wa kuhubiria. Kwa hiyo nilinyonya mimi. Nitaeleza ladha yake mara moja tu: kwanza ulimi unakutana na babu yako, kisha na busaa ya kabla hujazaliwa, kisha na kutu, kisha petroli inafika na unatamani babu yako arudi. Nilitema, nikatapika, nikanywa maziwa, nikayatapika nayo. Baba akapiga teke. Pikipiki ikakohoa moshi wa mafuta ya ng'ombe, ikanguruma, na kuku wa kijiji kizima wakahamia kwa majirani.

Baba alizunguka ua na ile pikipiki yake ya nguruwe akicheka kama mtoto. Sijawahi kumwona hivyo.

Jumamosi wakaja: Mchungaji na yule mzee wa migomba. Mama akachinja kuku. Walimla kuku mzima, mzee akafyonza mpaka mifupa ya shingo, akajifuta vidole vyenye mafuta kwenye kitambaa chetu cha meza, ndipo akaanza kusikitika. Ati ameumia rohoni. Ati ameona kwa macho yake mwinjilisti kwenye nyungu ya walevi. Nilimtazama yule mtu mwenye nyuzi za kuku katika meno anavyosikitika, nikahisi kichefuchefu kuliko siku ya panya.

Mchungaji akamwuliza baba kama ni kweli alikaa pale.

Angeweza kusema alikwenda kuhubiri. Nilimwombea aseme hivyo. Mama pia, nilimwona midomo ikicheza.

"Nilikaa," baba akasema. "Niliomba mrija. Uko kwenye pikipiki."

Wakatoka kwenda gereji. Mchungaji akainama, akaunusa, akarudisha kichwa haraka. Akasema chombo kinachobeba neno la Mungu hakiwezi kunywa kwa mrija wa pombe, na kwamba kesho Myanga itakwenda kwa yule kijana.

"Sawa," baba akasema. "Lakini ione kwanza ikiwaka, Mchungaji. Uone kile unachokikataa."

Nikasogea kufanya kazi yangu chafu ya kunyonya. Baba akanisukuma kando. Akapiga magoti, na lile bovu likalia kama mlango, akauchomoa mrija kwenye kabureta akautia mdomoni, yeye asiyeonja kitu cha nyungu tangu ubatizo. Akanyonya. Hakuna kilichokuja. Akanyonya tena, mishipa ikamtoka shingoni, mate meusi yakamtiririka kidevuni. Mchungaji akageuza uso.

"Acha, acha, unauharibu bure," mzee wa kanisa akasema, akiwa amechoka kungoja. "Kichujio kimeziba. Lete hapa."

Akauchomoa tangini, akaniamuru nilizibe tundu kwa kidole, akaugeuza, akaugonga ncha yake kwenye kisigino mara mbili tatu, akaufuta kwa kidole gumba kwa kuuzungusha, akapuliza upande wa pili kwa mashavu yaliyojaa. Kutu ikaruka. Akaurudisha akanyonya kidogo, kwa ustadi, bila kumwaga hata tone, na petroli ikafika. Alifanya yote hayo haraka, kama mtu anayefunga kamba za viatu vyake. Kisha akainua macho akatuona tunamtazama.

Mama alikuwa na kanga mdomoni. Mimi nikauliza, kwa adabu zote, kama hiyo nayo inafundishwa kwenye masomo ya ubatizo. Baba alinipiga kofi, lakini la uvivu.

Mchungaji alimtazama mzee wake kwa muda, akamtazama baba aliyekuwa bado chini akitema. Akaingia kati, akamshika baba kwapani akamwinua mwenyewe, na yale mate meusi yakamchafua joho.

"Myanga wanaanza saa tatu," akamwambia. "Usichelewe. Na huo mrija huko chini uufunike kwa kitambaa."

Yule mzee alisema ana kazi shambani, akaondoka kabla ya chai.

Tulifika Myanga mapema, mimi nyuma nimekalia gunia, uso wote moshi. Watu wakatupisha kwenye benchi, na wakaendelea kutupisha mpaka benchi zima likawa letu, kwa sababu tulinuka kupita maelezo. Mama mmoja alimziba mtoto wake pua. Baba alisimama mbele akiegemea mguu mmoja, akafungua kitabu, na kwa mara ya kwanza tangu mwaka uanze aliwakuta wote bado wapo.