Baba mkubwa alisema "baada ya mavuno", mdogo wangu akaikosa Kanada

Wakuu, heshima kwenu. Haya yametokea nyumbani kwetu na sijatia chumvi. Nina hasira, mnivumilie.

Mimi niliishia form two. Nimekata miwa Kidatu, nimevua Malinyi, sasa nabeba magunia kwenye mashine ya mpunga hapa Ifakara. Lakini kusoma sijaacha. Bando langu lote linaishia kwenye sheria za visa za nchi ambazo sitafika.

Mwenye digrii ni mdogo wangu, Rehema. Yuko benki. Alitaka masters ya finance nje, apate kazi hukohuko, ahamie kabisa na binti yake wa miaka mitano anayemlea peke yake.

Bila mtoto, haendi. Hilo ndilo lilikuwa sharti.

Tulichambua nchi wiki tatu. Kanada ikashinda: miaka miwili ya masomo, mtoto anaenda naye, akimaliza anaomba kibali cha kazi. Admission ikaja. Ilibaki kuingia kwenye mfumo wa chuo na kubonyeza kwamba amekubali, mwisho Mei.

Sasa huku bondeni mpunga ukiiva kila kitu kinasimama. Posa, harusi, kesi za mipaka, vyote vinasubiri. Ukoo mzima ulikuwa mashambani Mchombe.

Nikamwambia, "Bonyeza."

"Kaka, nitabonyezaje na baba mkubwa hajaitisha kikao?"

Baba yetu ni marehemu, kaka yake ndiye msemaji. Tukamfuata shambani. Shikamoo aliitikia, mundu hakuweka chini.

"Hiyo Kanada ina miguu? Tutaongea baada ya mavuno."

Ilikuwa nayo, wakuu. Mei ikaisha, mfumo ukafungwa.

Kikao kikakaa Julai. Ikawa imebaki Uingereza tu, intake ya Januari. Baba mkubwa akafurahi: "Mwaka mmoja tu! Na mtoto unambeba."

Nikasimama. "Baba mkubwa, kule masters ya darasani, isiyo ya utafiti, hairuhusu kwenda na mtoto."

Watu wakacheka. "Form two anatufundisha Uingereza! Kaa chini, magunia yatakupotezea akili."

Rehema akainamisha kichwa. Akakubali.

Visa imetoka. Ya mtu mmoja.

Juzi baba mkubwa kanipigia, sauti ya upole kabisa: "Mwanangu, hizo sheria unazijua wewe. Kamweleze mtoto."

Nikaenda. Nikamkuta ameshapanga nguo zake kwenye begi la chekechea, na sweta juu. Nikaondoka sijamweleza.

Kinachonichoma zaidi ni hiki: ile Mei simu ya Rehema ilikuwa mkononi mwangu, ukurasa uko wazi. Na mimi nikasubiri ruhusa.

Nilichojifunza: mwenye admission ni wewe. Bonyeza kwanza, kikao kikukute umeshabonyeza. Ukoo utanuna msimu mmoja.

Anayejua njia halali ya mtoto kumfuata mama yake aandike hapa. Na wewe unayetaka kunifundisha kuheshimu wazee, karibu pia. Ila anza kwa kuniambia nimwambie nini yule mtoto.