Karanga Haina Matiti

"Maziwa inatokaka ku ngombe," muzee Ntirenganya alisema. "Ku ngombe, ku mbuzi, ku mwanamuke. Karanga iko na matiti fasi gani? Nionyeshe, Mama Niyonsenga. Nionyeshe titi ya karanga."

Dative, muke ya mwana wake, hakuinua kichwa. Alikuwa amepiga magoti mbele ya beseni, anasugua karanga yenye ililala mu maji tangu jana. Ngozi zake nyekundu zilikuwa zinatoka, zinaelea juu ya maji, na yeye anaziokota anazitupa inje ya mulango. Karanga yenyewe ilibaki nyeupe, imevimba sawa meno ya farasi.

"Ni jina tu, Papa," alijibu. "Kasoki mwenye kunipa karanga njo anaiita maziwa. Kama jina njo inabaumiza, tuseme maji ya karanga."

"Sasa mutoto wa damu yangu njo atakunywa maji ya karanga!"

"Munataka nimupe nini ingine?"

Muzee alitafuta jibu ndani ya kile kibanda ya shitingi, ile plastiki ya kambi. Jicho yake ilipita ku sufuria, ku bido ya maji, ku mufuko ya makala, ikarudi. Akarudilia tu maneno ya ngombe.

"Ngombe yangu Bihogo iko na mimba," alisema. "Unajua. Na weye unachanganya karanga na maziwa mu nyumba moja. Ile titi ikipasuka, usiniulize."

Dative alijua. Kwao, batu ya ngombe, mutu mwenye amekula karanga hanywake maziwa siku ile. Ikikutana ndani ya tumbo yake, titi ya ngombe inavimba, inatoa damu. Tangu akiwa mutoto hakuwahi kuvunja ile sheria. Na sasa karanga yenyewe njo banaita maziwa! Hata yeye, mara ya kwanza Kasoki alimuambia, alicheka mpaka akashika mbavu.

Bihogo ilikuwa ngombe ya mwisho. Zingine zilibebwa, zingine zililiwa, zingine zilikufa na njaa ku barabara. Hii moja muzee aliiacha kwa rafiki yake Niyibizi, mu malisho fulani ya Masisi, na kila Siku ya Mungu alikuwa anaomba simu kwa majirani ili aulize habari yake. Sasa simu ya Niyibizi ilikuwa haipitake tena. Muzee aliendelea kuhesabu Bihogo iko hai. Ku mikono yake hakukuwa kitu ingine ya kuhesabu.

Dative naye alikuwa mutu ya maziwa. Alizaliwa ku milima ya juu ya Ngungu, fasi mutoto anajua jina ya ngombe mbele ajue jina ya shangazi yake. Balimuleta Goma akiwa bibi-arusi, na Goma kazi yake ikakuwa kuuzisha maziwa. Pikipiki zilikuwa zinashuka asubuhi na mabido kutoka Masisi, yeye anapokea, ananusa, anapima na kopo, anauzisha Birere mbele ya maduka. Bateja balikuwa banamupenda juu hakuwekaka maji ndani. Ile maziwa hakuipika hata siku moja. Bateja balienda kuipika ku nyumba zabo, na yeye alijua vizuri, lakini alijifanya haone, juu kwao banasema maziwa ikiguswa na moto, ngombe yenye iliitoa inakauka.

Kisha vitu ikaanza kufuatana. Volkano ya mwaka wa 2021 ilikula nyumba yabo kule Buhene. Balipoenda kuangalia, hata fasi mulango ilikuwa balishindwa kuijua. Kulikuwa mawe nyeusi tu inayotoa moshi, na jirani moja anazunguka juu yake anatafuta choo yake kwa macho. Bwana yake Dative alisema anaenda Rubaya kutafuta kazi ku mashimo ya madini. Simu yake iliita miezi kidogo, kisha ikanyamaza. Balipanda mpaka Kibumba, bakaanza kulima mashamba ya batu. Na ile vita yenye ilianzia upande ya Bunagana ikabakuta pale. Binti yake Niyonsenga alikimbia na mimba kubwa, akazaa pembeni ya barabara, Dative anamufunikia na kitenge juu ya mvula. Balifika ku kambi ya Kanyaruchinya, na mbele ya kitovu ya mutoto kuanguka, Niyonsenga akakufa.

Mutoto balimuita Nishimwe. Na muzee, juu ya desturi, aliendelea kumuita Dative na jina ya ule marehemu: Mama Niyonsenga, leta maji. Mama Niyonsenga, mvula inaingia. Kila mara Dative alikuwa anaitika, na kila mara kitu ilikuwa inamukata ndani.

Miezi ya kwanza, mama moja wa kibanda ya jirani alimunyonyesha Nishimwe pamoja na wake. Kisha ule mama akahama kwenda Uganda. Mutoto akabakia na uji ya maji-maji. Alikuwa amefikia miezi ya kukaa, lakini ukimukalisha anaanguka pembeni sawa mufuko yenye haina kitu ndani. Kulia tu njo alikuwa anajua. Alilia mpaka sauti ikakuwa ndogo, na ile sauti ndogo njo ilimuogopesha Dative zaidi.

Sasa Kasoki. Kasoki alikuwa Munande wa Butembo, mwanamuke mwenye mabega, anauzisha karanga Birere, meza yake karibu na fasi Dative alikuwa anauzishia maziwa. Siku moja Dative alishuka Birere kutafuta kazi ya kufua. Kasoki akamuona, akamuona na mutoto ku mugongo, akaacha bateja.

"Eh! Dative! Huyu ni mutoto ao ni mukono ya shati?"

"Hana maziwa, dada."

"Na karanga ni nini? Ngoja nikupe zenye kuvunjika, zile banazikataaka." Akajaza mufuko. "Lalisha mu maji usiku muzima. Asubuhi toa ngozi. Twanga mpaka iwe laini, tia maji, kamua mu kitambaa safi. Kisha pika. Unanisikia? Pika mpaka ifoke, shusha, pika tena. Sisi njo vile tulilea batoto Lubero mu vita ya kwanza."

"Mukwe yangu hatakubali, dada. Karanga na maziwa..."

"Ule muzee alioa mwanamuke ao alioa ngombe?" Kasoki alipiga mikono, na bamama ba meza ya pembeni bakacheka. "Mwambie akuje, nitamukamua yeye."

Njo vile ile ugomvi ilianza, na kila asubuhi muzee alikuwa anairudilia upya, sawa mutu anakwenda misa. Dative alimuacha aseme. Alitwanga. Alikamua ndani ya kipande ya kitenge yenye alikuwa amefua na maji ya moto. Ile maji nyeupe ilitoka, nzito kidogo, inanukia shamba. Aliipika juu ya makala, akiikoroga bila kuacha juu ilikuwa inashika chini, ikafoka, akashusha, ikafoka tena.

Nishimwe alikunywa. Mara ya kwanza alikunja uso, kisha akafungua kinywa tena. Kijiko kwa kijiko alimaliza kikombe, akalala mpaka jua ikapita juu ya kibanda. Muzee alikuwa amekaa ku mulango. Ile kimya ilimushangaza. Aligeuka mara mbili kuangalia kama mutoto anapumua.

Ikaenda vile siku kidogo. Mutoto hakunenepa, tusidanganyane, lakini sauti yake ilirudi, na siku moja alishika kidole ya muzee, akakataa kuiachilia. Muzee alibaki pale ameinama, mugongo inamuuma, hasogei.

Kesho yake aliingia na kitu mu mikono. Ilikuwa ile chombo yake ya muti ya kuwekea maziwa, yenye mufuniko ya kusukwa. Mu kukimbia kote, batu babeba magodoro na masufuria, yeye alibeba ile. Alikuwa ameiosha. Alikuwa ameifukiza na moshi ya majani makavu, ginsi inafanywaka, na ile harufu ikajaza kibanda. Dative aliisikia, akajikuta anatoa machozi bila kujua juu ya nini.

"Mama Niyonsenga," muzee alisema. "Nimefikiri. Kama inamulisha mutoto, basi ni maziwa. Nimeshindwa."

"Asante, Papa."

"Lakini kama ni maziwa, iwe maziwa kweli. Haitapita tena ku moto. Ku nyumba yangu hakuna mutu mwenye alipika maziwa. Weka humu, ilale, anywe ginsi sisi wote tulikunywa."

Dative alishika ile chombo. Maneno ya Kasoki alikuwa nayo ku kichwa, yote: pika, shusha, pika tena. Kazi ilikuwa nyepesi, alipashwa kusema tu, Papa, hii haiko vile. Lakini tangu volkano, ule muzee hakuwahi kumupa kitu na mikono mbili. Hakuwahi kusema nimeshindwa. Na yeye mwenyewe, mutoto wa Ngungu, ile harufu ya moshi ilikuwa inamuambia maziwa ikiwa humu iko salama. Ilikuwa salama miaka yote. Akamimina.

Mutoto akakunywa jioni, akakunywa asubuhi yenye ilifuata. Muchana tumbo yake ikavimba. Ilipofika jua kuzama alikuwa anatoa maji tu, chini na juu, na maji yenye Dative alikamulia karanga ilikuwa ya ku kisima ya kambi, kila mutu anajua rangi yake.

Kulipokucha Dative alimubeba mpaka ku hema ya santé, fasi banatunzia bagonjwa. Munganga Achille, kijana moja mwenye macho ya kukosa usingizi, alifinya ngozi ya tumbo ya mutoto. Ngozi ilibaki imesimama, maji ilikuwa imemuisha mu mwili.

"Munamupa nini, mama?"

"Maziwa."

"Ya pakiti?"

"Ya karanga."

Achille alimuangalia. "Mulipika?"

Nyuma ya shitingi ya hema, muzee alikuwa amesimama. Dative alikuwa anaona muguu yake na ncha ya fimbo.

"Makala ilikosekana," alisema.

Achille hakumupigia kelele. Ingekuwa afazali apige. "Na hata ya kupikwa, mama, haitoshe mutoto wa hivi. Ni ya kumuongezea tu. Yeye alipashwa kupata ile maziwa ya batoto bakondefu, na ilikwisha, tunangojea gari." Akamupa pakiti ya serumu, ile unga ya chumvi na sukari, akamuonyesha ginsi ya kuichanganya. "Kidogo kidogo, bila kuacha. Ambilansi ilibeba majeruhi ku muji. Ikirudi nitatuma mutu abaite."

"Itarudi lini?"

Achille alikuwa tayari amegeukia mama mwengine.

Balirudi ku kibanda. Dative alikaa chini, mutoto ku mapaja, kijiko mu mukono. Aliweka serumu mu kinywa, serumu ikatoka pembeni. Akapanguza, akaweka tena. Macho ya Nishimwe ilikuwa imeingia ndani, haifungi, haiangalii kitu. Muzee alikaa ku fasi yake ya mulango.

"Makala ilikuwako," alisema. "Iko mu mufuko pale."

"Najua, Papa."

"Sasa kwa nini ulisema vile?"

"Ningesema nini?"

Inje batoto ba jirani balikuwa banasukuma chukudu, ile baiskeli ya muti ya kubebea vitu, haina muzigo, banapiga kelele. Mama yabo akabafukuza. Dative aliweka kijiko ingine. Hii nayo ikatoka.

Ilikuwa jua ya saa kumi, na ambilansi haijaonekana. Muzee alisimama, akavaa viatu, akaifunga kamba polepole.

"Natoka kidogo, Mama Niyonsenga. Niko na kazi upande ya juu."

"Kazi gani, Papa? Ambilansi ikikuja mutanisaidia kumubeba."

"Kwa Wenceslas."

Dative alisimamisha kijiko. Wenceslas kila mutu mu kambi alimujua. Yeye njo alikuwa na baramini, ile chuma ndefu ya kuvunjia mawe. Hapa chini kote ni mawe ya volkano, jembe haiingii hata kidole moja. Kama unataka shimo, ya choo ao ya kuzika mutu, unamufuata Wenceslas. Na hizi wiki kazi ilikuwa imemuzidia, batu balikuwa banamupanga foleni.

"Papa," alisema. "Mutoto angali anapumua."

"Naona."

"Sasa munaenda kumuambia nini?"

"Nitamuambia aniweke ku mustari." Sauti ya muzee haikupanda, haikushuka. "Batu ya juu kule banamushikaka asubuhi sana. Kama siko mbele, tutakaa naye humu ndani mu hii joto. Kwa mama yake tulingoja. Unakumbuka ginsi tulingoja."

Dative alikumbuka. Alichota serumu, akaipeleka ku kinywa ya mutoto, nusu ikamwangika njiani.

Muzee alichukua fimbo. Ku mulango aliinama, shitingi ilikuwa chini sana, akatoka bila kuangalia nyuma, akapanda kati ya vibanda, anauliza kwa kila mutu mwenye anakutana naye kama Wenceslas amerudi kutoka ku kazi.