Motokari Iliyooshwa kwa Kindingi

Saa mbili asubuhi, na sakafu ya saruji ya kuanikia kahawa bado ina unyevu. Katungu amepiga magoti, kitenge amekifunga vizuri miguuni, anafuta kijimotokari kisichozidi urefu wa mkono wake. Anakifuta, kisha anakitazama kwa jicho moja kama mwashi anayepima ukuta.

Nyuma yake Moustapha, msafirishaji mwenye depo hii ya Mususa, mjini Butembo, ameshika kisanduku chenye antena. Hicho ndicho kinachoendesha kijimotokari kutoka mbali, bila waya.

"Unakibembeleza kama mutoto. Acha kitembee!"

"Ngoja kidogo, papa. Kikipinduka, miye njo nitalia, hapana weye."

Kando ya ukuta imesimama kamyo, lori la mizigo, isiyo na rangi, bati tupu. Katungu haiangalii sana. Kijimotokari ni mtihani wake. Kikitoka salama, kamyo ile ataipaka yeye. Kikiharibika, "utaiona tu ikipita," Moustapha alimwambia siku ya kwanza.

Kazi hii Katungu alijifunza kwa baba yake, aliyeandika majina kwenye vichwa vya kamyo za Butembo na Beni. Baba alipofariki, brashi zilibaki kwake. Kamyo moja ilikuwa inalisha nyumba karibu mwezi mzima. Kisha vita ikafunga njia. Mwaka huu wa 2001, wanaomwita ni wenye misiba.

"Nimeandika misalaba kupita kamyo," anasema bila kupandisha sauti. "Na mara mingi ni jina ya mutu nilimujua."

Kamyo ya kwanza ya Moustapha nayo ilichukuliwa na watu wenye silaha kwenye njia ya Mutwanga. Dereva alirudi kwa miguu. Kichwani mwa kamyo ile baba yake Katungu alikuwa ameandika TUTAFIKA.

Sasa wasafirishaji wengi wanakaa tu. Kijimotokari Moustapha alikikuta katika nyumba iliyoachwa na mnunuzi wa kahawa. Ni cha zamani, cha kukimbia mchangani na matopeni, chenye magurudumu ya meno, kimesimama juu kama mbuzi.

"Njia zao zimefungwa, donc nikasema nitajifanyia yangu," Moustapha anacheka. "Hii saruji njo lami ya Butembo." Nje ya ukuta hathubutu kukiendesha. Antena ile, askari wa kizuizini angedhani ni fonie ya adui, redio ya kuitia vita.

Ili kifae kwenye saruji laini, Katungu alitoa magurudumu ya meno. Alikata mapya kutoka kandambili kuukuu, akayagundisha, akayasugua kwa msasa huku yakizunguka mpaka yakawa duara. Kwenye springi alitia vipande vya mrija wa kalamu ya bic, kijimotokari kikashuka, tumbo likakaribia chini. Hayo hayakumsumbua. Kilichomsumbua ni rangi.

Ganda la juu ni plastiki inayoonyesha upande wa pili kama kioo, na hakuna jingine. Moustapha alimwagiza alipake kwa ndani, ili mikwaruzo ya nje isiifikie rangi. Katungu akaingiza brashi ndani, lakini mkono ukafuata mazoea ya kamyo: kwanza rangi kubwa, mwisho jina. Alipaka nyekundu kote, ikashika kidogo, ndipo juu yake akaandika jina kwa nyeupe.

"Nikageuza ganda, naona nyekundu tu," anasema. "Herufi zilikuwa zinaangalia batri."

Alijaribu tina, dawa ya kuyeyushia rangi, kwenye kipande kilichobaki baada ya kukata ganda. Plastiki ikageuka nyeupe, ikapasuka. Akakumbuka kindingi, pombe kali inayopikwa mitaani, kwamba huondoa rangi ambayo haijakauka vizuri. Lakini Katungu ni Mprotestanti, mwimbaji wa kwaya. Kwao hata kubeba chupa ni aibu.

Alikwenda kwa mpishi wa kindingi na kikapu, akarudi na chupa chini ya sombe, majani ya muhogo ya kupika. Mlangoni akakutana na shemasi wao, Mama Eliane.

"Sombe ya leo iko na harufu mupya, Katungu."

"Ni dawa ya kuondosha rangi, mama."

"Ewe! Bwana yangu naye, mbele ya kuokoka, alikuwa anasema ni dawa."

Jumapili iliyofuata Katungu aliwekwa benchi la nyuma, nje ya kwaya. Nyumbani aliendelea na kazi. Kindingi ilitoa rangi yote, na ganda halikupasuka. Safari hii alianza na herufi, akaziandika kinyume, kutoka kuume kwenda kushoto, nyekundu ikaja mwisho.

"Sasa unaandika kama siye na Kiarabu," Moustapha alimtania. "Bado kusilimu tu!"

Rangi ilipokauka, Katungu alilibeba ganda hadi kwa Mama Eliane. Shemasi aliligeuza, akalinusa ndani.

"Kinanuka bado."

"Kilikunywa chenyewe, mama. Hapana miye."

Mama Eliane alicheka mpaka akashika mlango. "Jumapili urudi. Mais usiimbe karibu yangu."

Sasa Moustapha anavuta antena. Kijimotokari kinaondoka kwa mlio mwembamba, kinakata kona ya kwanza kikiwa chini, kimetulia. Kwenye kona ya pili gurudumu linagonga ukingo wa mfereji. Kinapinduka, kinateleza juu ya mgongo wake hadi ukutani.

Katungu hakimbii. Anatembea, lakini Moustapha anamtangulia. Anakiokota, anapitisha kidole gumba juu ya mgongo uliojaa mikwaruzo. Chini ya mikwaruzo, nyeupe ndani ya nyekundu: TUTAFIKA, nzima.

"Ngozi njo imeumia," anasema. "Jina iko." Kisha anaonyesha kamyo kwa kidevu. "Kesho uanze na kichwa. Ao hii nayo unapaka kwa ndani?"

Katungu anacheka kwa mara ya kwanza asubuhi hii. Anaikaribia kamyo, anapima kichwa chake kwa shubiri, mahali ambapo baba yake angeanzia.

Njia ikifunguka, kamyo itakwenda kwanza Kyavinyonge kuleta samaki. Katungu ana ombi moja tu juu ya safari hiyo.

"Nataka irudi na vumbi mpaka jina isionekane," anasema. "Nitaiosha miye mwenyewe. Na maji tu, hapana kindingi."