Mama Kiangazi na Doa la Bwawa

Kazini kwake shangazi yangu anaitwa Mama Kiangazi, na jina hilo hakulipata bure. Anatunza chumba cha mimea iliyokaushwa, na kwake maji ni adui. Ukiingia na mwavuli unaochuruzika, utarudishwa mlangoni kama mwizi wa kuku. Chai hunywewa nje, hata mkurugenzi analijua hilo. Mimi nilishafukuzwa kwa sababu tu nilitoka kuosha nywele.

Kabati la mwisho, ambalo wageni hawaliulizii, lina mwani wa kijani-bluu: ule utando wa utelezi unaouona juu ya bwawa ukakunja pua. Watu wa zamani waliuopoa kwa karatasi, wakaukausha na kuutia katika bahasha, kila bwawa na yake. Leo ni madoa meusi kama masizi ya sufuria. Shangazi anayapenda kuliko maua yote ya makabati mengine.

"Maua yana wa kuyasifu," huniambia. "Hawa wana mimi tu."

Mwaka huu akaja mtafiti, binti mpole, akaomba bahasha ya bwawa lililofukiwa zamani, pale palipo na karakana sasa. Alitaka kukata kipande cha mwani, akiloweke, aone kama bado kina uhai. Bahasha ilikuwa hiyo moja, na ndani yake doa moja lisilozidi ukucha wa kidole gumba. Likiharibika hilo, basi tena.

"Mwanangu, nimezeeka nikilinda hiki kisiguswe na maji," shangazi akamwambia. "Leo nikitie maji mwenyewe?"

"Nusu tu, mama. Na ukikataa, sitakulaumu."

Shangazi alirudi nyumbani kanuna. Nikamtania kwamba anaomboleza uchafu wa bwawa. Alinikata jicho nikanywea.

"Nikikataa kitabaki salama," akasema. "Lakini sitajua kamwe kama nilikuwa nalinda kitu au nalinda maiti."

Niliona haya. Kumbe aliogopa jibu kuliko maji.

Kesho yake alikata mwenyewe. Mtafiti akashika kisahani cha kioo, shangazi akadondosha maji safi. Doa likavimba, likalainika, basi. Siku zikapita nalo ni jeusi vilevile. Wenzake wakaacha kuuliza, kwa huruma. Kila asubuhi alikwenda kukichungulia kisahani kabla hata ya kutua mkoba.

Siku moja akanipigia simu, sauti siitambui. "Njoo uone."

Niliwakuta yeye, mtafiti na wenzake wamebanana dirishani, wamekizunguka kisahani. Ukingoni mwa doa palikuwa na kijani, kidogo tu, kibichi kabisa. Kwenye darubini nikaona vidude vya mviringo vimeshikana kama shanga, vipya, vinazidi kuongezeka. Shangazi alikuwa analia huku anacheka, wala hajifuti.

"Kumbe mlikuwa mmelala tu," akakiambia kisahani.

Nusu ya pili imerudi kabatini, kavu kama kawaida, na maji bado ni marufuku. Ila siku hizi shangazi akifika mbele ya lile kabati la mwisho, hafungui tu. Hubisha hodi kwanza, kwa kidole kimoja, polepole, asije akawashtua waliolala.