Nilimtegea rangi ya kucha mtu aliyekuwa anagusa upinde wangu

Wakuu, habari za mchana. Hiki ni kisa changu mwenyewe, sijaongeza chumvi, na sehemu zinazonitia aibu nimeziacha humo humo.

Nina duka la mabegi Kariakoo, upande wa Msimbazi. Jumamosi nikifunga naenda Upanga, kuna klabu ndogo ya kulenga shabaha kwa upinde. Ndiyo, Bongo ipo. Anayetaka kucheka acheke kwanza.

Upinde wangu ni kompaundi, ule wa kisasa wenye magurudumu, wa kamu moja. Juu una gurudumu la kawaida, chini ndiyo kuna kamu, gurudumu lenye umbo la yai, inayozunguka ukivuta kamba. Kamu ikihama kidogo kwenye alama yake, mshale unatoka umeinua mkia.

Unajua kwa kupiga kupitia karatasi. Tundu likiwa duara uko salama. Likichanika, kuna kitu.

Langu lilikuwa linachanika kila Jumamosi.

Dukani nahamisha pale mshale unapochomekwa kwenye kamba, napiga nyuma kwenye marobota, safi kabisa. Nikifika klabu, limechanika tena.

Sisi Kariakoo mzigo ukipungua hatuulizi nini, tunauliza nani. Nafasi ya kwenda mashindano Arusha ilibaki moja, tunaigombea mimi na Kirit, muuza vipuri mtaa wa nyuma yangu. Mashine ya kubana upinde pale klabu, ambayo bila hiyo kamu haisogezwi, ni yake. Halafu anatabasamu sana. Nikasema ni huyu.

Nikachukua rangi ya kucha ya mke wangu, nikachora mstari kwenye kamu na mwingine kwenye mkono wa upinde, ikutane. Jumamosi nikauacha upinde mezani klabu, nikaenda kunywa chai getini kama kawaida. Kurudi, mistari imeachana.



Jumamosi iliyofuata nikaaga naenda chai, nikaishia mlangoni na kurudi. Upinde wangu uko kwenye mashine, Kirit anasokota kebo, ile kamba ya pili.

Nikamuuliza taratibu ameanza lini kuniharibia.

Hakushtuka. "Nakurudishia kamu kwenye alama, kaka. Unautundika dukani chini ya bati pamoja na mabegi, joto linarefusha kamba, kamu inahama. Nilikwambia, ukaninunia wiki nzima."

Kumbe yeye anarekebisha kamu, mimi nahamisha pa kuchomeka mshale, na hakuna anayemwambia mwenzake.

Bado sikumwamini. Nikamuuliza anafaidika nini wakati nafasi ni moja.

"Nikikupita ukiwa na upinde mbovu, nitakuwa nimemshinda nani?"

Tukauseti pamoja, mara hii tunaambiana. Tundu likatoka duara. Nilijisikia vibaya wakuu, maana maneno ya kumfukuzisha klabu nilikuwa nimeshayapanga.

Siku ya mchujo upinde ulikuwa sawa kabisa. Kirit akanishinda, na sikuwa na wa kumsingizia.

Nilichojifunza: muulize mtu kabla hujamtegea. Na upinde msiutundike chini ya bati.

Wenye kamu moja humu, mnamruhusu nani aguse wa kwenu? Semeni, nipo dukani nasoma.