Stuli za bibi wa Kenmore zimemfukuzisha kazi mwenzangu, nami nimenyamaza

Admin, jina langu libaki kwako tu. Mimi ni mama wa miaka 36, Mrundi niliyekulia kambini Tanzania. Sasa naishi Buffalo, Marekani, mtaa wa West Side, na mume na watoto watatu.

Nilikuwa nafanya usafi Kenmore, mji jirani, kwa bibi mmoja Mzungu, mjane, pamoja na mama wa Kikongo tunayesali naye. Yeye ndiye aliyenitafutia hiyo kazi. Sebuleni kulikuwa na stuli mbili za kale kutoka Italia, zimechorwa maua, miguu imepakwa dhahabu. Hata kuzifuta vumbi nilikuwa naogopa.

Siku moja mwenzangu hakuja. Nikamsimulia bibi kwamba mdogo wangu anaolewa Louisville. Akanishika mkono: "Mpelekee hizi. Mimi nitamwachia nani?" Nilikataa mara mbili, akakasirika, nikazibeba. Lakini niseme ukweli, nilijua ameanza kusahau. Kuna siku aliniita kwa jina la marehemu dada yake. Nilizitamani tu. Mdogo wangu tangu azaliwe hajawahi kupewa kitu kizuri namna ile.

Baada ya harusi, binti wa bibi akaja kutoka Columbus kumchukua mama yake akaishi naye. "Stuli ziko wapi?" Bibi akatazama pale zilipokuwa, akaanza kulia: "Wameniibia." Binti akamgeukia mwenzangu kwa sababu ndiye aliyekuwa na ufunguo. Akamfukuza palepale. Mimi nikainamia dekio, nikaendelea kudeki.

Kituoni, tukingoja basi, yule mama akaniambia, "Bon, Mungu iko anaona. Miye sikukamata kitu."

Nikajibu, "Najua, mama."

Nikampigia mdogo wangu azirudishe. Kabla sijamaliza salamu akasema kwa furaha, "Dada, hutazitambua! Shemeji yako amezipiga msasa, tumezipaka rangi nyeupe!"

Nikakata simu.

Tangu hapo chakula hakipiti. Nafua nguo ambazo ni safi. Jumapili iliyopita yule mama alikaa karibu nami kanisani, akaniombea, eti nimekonda. Na yeye bado hajapata kazi! Mume wangu anasema, "Nyamaza. Ukisema bibi alikupa, nani atakuamini?" Namba ya binti ninayo. Naandika ujumbe, nafuta, naandika tena.

Nimkabili nani kwanza, binti au mwenzangu? Na nitaanza na neno gani? Hata mkinitukana nitasoma, ila mniambie.